Umerudi au Umerudishwa?

Hotuba kwa wanafunzi, wazazi na jamaa waliotoka ughaibuni, Nyegezi, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi wetu, wanafunzi, nanyi ndugu ambao mabegi yenu bado yana vibandiko vya uwanja wa ndege, itifaki imezingatiwa. Tumsifu Yesu Kristu. Asalaam aleikum. Kwa wazee wetu, mwangaluka.

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze uzoefu wa kurudi katika nchi niliyozaliwa, kusoma na kufanya kazi. Uzoefu nitautoa kwa kiasi. Nilichokuja nacho hasa ni hoja moja ambayo najua itawaudhi baadhi ya wazazi, kwa hiyo naisema mapema ili wapate muda wa kuikasirikia: kijana aliyezaliwa hapa akakulia nje, akitaka kurudi kufanya kazi, aanzie darasani. Darasa la hapa hapa. Hata kama ameshapata shahada huko alikotoka.

Nasikia miguno. Sawa, tuendelee.

Mimi nilizaliwa Bugando, hospitali ya hapa Mwanza. Niliondoka nikiwa bado shule ya msingi, baba alipopata nafasi ya masomo Uingereza, tukakulia Leicester. Huko nikasoma biolojia. Niliporudi nilijiunga na chuo cha uvuvi hapa hapa Nyegezi kusomea ufugaji wa viumbe maji, ngazi ya cheti, nikikaa dawati moja na vijana waliotoka kidato cha nne juzi. Leo nafanya kazi na wafugaji wa samaki wa vizimba, zile nyavu za kufugia zinazowekwa ziwani. Wasifu wangu umeishia hapo.

Kabla sijaitetea hoja yangu, kuna swali ambalo kila aliyerudi ataulizwa, tulimalize kwanza. "Umerudi au umerudishwa?" Utaulizwa kwa upole kabisa: dukani, kwenye daladala ya Buhongwa, na shangazi yako akikupakulia ugali. Katika hesabu za mtaani, mtu haachi majuu kwa hiari yake. Lazima kuna kilichomtoa: karatasi zimeisha, ndoa imevunjika, au polisi wanahusika. Nawashauri msikasirike na msitoe maelezo marefu, maana maelezo marefu ndiyo yanayothibitisha kwamba umerudishwa. Jibu: "Nimekuja kusoma." Mtaa unaielewa sentensi hiyo. Mwanafunzi ana ruhusa ya kutokuwa na gari. Mwanafunzi akipelekewa kadi ya mchango wa harusi anaweza kusema hana, na kamati ikamwelewa. Aliyekuja "kuwekeza" hana ruhusa hizo, na ndiyo maana wengi huishiwa kabla hawajawekeza chochote.

Na kwa kuwa wazazi wa ughaibuni mpo: wapo miongoni mwetu wanaowaleta watoto huku kama adhabu. Mtoto amewashinda kule, basi anakatiwa tiketi, anaambiwa ni likizo, akifika anakuta sare za bweni zimeshanunuliwa. Mtoto huyo akiulizwa kama amerudi au amerudishwa, ana jibu moja tu, na atalibeba muda mrefu. Nchi aliyozaliwa mtu isigeuzwe mahabusu.

Sasa sheria. Hapa naomba wazazi wanisikilize kuliko vijana.

Wapo wanaorudi wakiwa Watanzania na wapo wanaorudi wakiwa wageni, na huenda wote wawili walizaliwa wodi moja. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ukiuchukua wa kwingine kwa hiari yako, wa hapa umekwisha. Mtoto anaweza kuwa nao wote wawili kwa muda, lakini akifikisha miaka 18 anatakiwa achague, na ndipo familia nyingi hujikwaa, kwa sababu kule mtoto wa miaka 18 anawaza mtihani na leseni ya udereva, si uraia. Wenzetu tunaochota nao ziwa hili walichukua njia nyingine. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba yake ya 2010, na Uganda nayo inaruhusu. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako wa Kisumu mliyesoma naye London unaweza kuwa wa kweli kabisa kwake na ukakuangusha wewe.

Nyumbani kwetu jambo hili tunalo mezani. Mimi nilibaki na pasipoti ya Tanzania. Mdogo wangu wa kiume alikula kiapo cha Uingereza kwa sababu za kazi yake, na simlaumu. Alipotaka kuja kusoma shahada ya uzamili, ilibidi aombe kibali cha ukaazi daraja C, kile cha wanafunzi, na ada yake ikapangwa kama ya mgeni. Mkopo wa elimu ya juu wa serikali hata asingeuwaza, ule ni wa raia. Alipopata kazi, mwajiri akalazimika kumwombea kwanza kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kisha ndipo ukaazi wa daraja B. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe mpango wa namna Mtanzania atakavyorithi nafasi hiyo. Basi mtoto wa Mwanza, mwenye jina la babu yake wa Magu, akawa anamfundisha kazi kijana kutoka Njombe, ili siku moja Mtanzania huyo achukue kiti chake. Mwenyewe alicheka. Mama hakucheka.

Lipo jipya. Mwaka 2025 zilifanyika hatua za kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine wapewe hadhi maalumu, ikiwamo kufunguliwa mlango kwenye ardhi. Hadhi hiyo si uraia. Mwenye nayo asijidanganye kwamba amerudishiwa alichokiacha. Lakini kwa mtu kama mdogo wangu ni mlango uliokuwa umefungwa kabisa, kwani kabla ya hapo asiye raia alipata ardhi kwa njia ya uwekezaji tu, na wengi wakanunua viwanja kwa majina ya ndugu. Habari za viwanja hivyo mnazijua. Sitaki kuwaharibia siku.

Karatasi nitazipitia haraka maana zinachosha, ingawa ndizo zinazowarudisha watu kwenye ndege. Anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Wengi waliozaliwa zamani wana lile tangazo la kizazi la hospitali, na wazazi wamelitunza kwenye Biblia wakidhani ndilo cheti. Bila cheti, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, itakusumbua. Bila NIDA, hata laini ya simu husajili kwa alama zako za vidole, na utaishi kwa laini ya binamu. Utaombwa pia barua ya serikali ya mtaa, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa na akufahamu mapema, kwa wema. Halafu majina. Sisi hapa tunaandika majina matatu, na huko mlikokuwa jina la kati hutupwa, au jina la babu linaachwa kabisa. Ukifika na pasipoti inayosema hivi, cheti cha kuzaliwa kinachosema vile, na shahada yenye tahajia ya tatu, utakula kiapo cha majina mbele ya wakili. Fanya hivyo kabla hujaombwa.

Vyeti vya sekondari vya nje vinapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kulinganishwa. Shahada za nje zinapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Anayelenga serikalini asome tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira neno kwa neno: waliosoma nje wanaagizwa wahakikishe vyeti vyao vimehakikiwa, matokeo ya muda hayapokelewi, na umri wa mwombaji huwekewa ukomo, kwa kawaida miaka 45. Huo ukomo wa umri uwasikitishe wale wenye mpango wa "nitarudi nikishajipanga." Nimewasikia wakijipanga tangu nikiwa mtoto, sebuleni kwetu Leicester, kila Krismasi.

Haya, darasani.

Nilikuja na Kiswahili cha nyumbani, yaani cha jikoni. Niliweza kusalimia, kuomba chumvi na kumgombeza mtoto. Sikuweza kueleza kwa nini samaki wamekufa. Mnaweza kusema mafundisho vyuoni ni ya Kiingereza, hivyo mtoto wa Leicester hana shida. Ni kweli mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza. Lakini akigeuka tu, darasa linaeleweshana kwa Kiswahili, na mambo yenyewe hasa yako humo: nani ana desa zuri, yaani maandishi ya kusomea, mwalimu gani hutoa sapu, yaani mtihani wa marudio, nani amedisko, yaani ameondolewa chuoni, mwaka jana na kwa nini, fildi ya mafunzo kwa vitendo uombe wapi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasikia somo lakini siusikii mjadala. Hakuna ofisi ambayo ingenivumilia mpaka nijue. Ofisi inakupa kazi ya kufanya, haikupi wenzako wa kukucheka wakakurekebisha bure.

Jambo la pili ni ziwa lenyewe. Kwa kitabu nilijua kwamba maji ya chini ya Ziwa Victoria yana oksijeni kidogo. Ningeweza hata kukuchorea. Mwanafunzi mwenzangu kutoka Ukerewe, mtoto wa mvuvi, hakuwa na mchoro, ila alijua ni miezi gani ziwa "linageuka." Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini hulichafua ziwa, tabaka za maji zinachanganyika, na yale maji maskini ya chini yanaweza kupanda juu. Samaki aliye huru anahama. Sato, samaki tunayemfuga, akiwa kwenye kizimba hana pa kwenda. Wafugaji wamepoteza kizimba kizima kwa usiku mmoja, na asubuhi mtu anadhani amewekewa sumu, anatafuta mbaya wake. Mimi na mwenzangu yule tulikaa tukaunganisha vipande: yeye alijua ghuba zipi maji husimama na zipi hupumua, mimi nikajua cha kupima na saa ya kupima, yaani alfajiri, oksijeni inapokuwa chini zaidi. Kazi ninayoifanya leo, ya kumshauri mfugaji wapi aweke kizimba na lini apunguze samaki, ilianzia kwenye kikundi hicho cha majadiliano, kwenye vivuli vya miembe. Leicester isingenipa hilo. Na niseme ukweli, Ukerewe peke yake nayo isingempa yeye.

Kikundi chetu, kwa njia, kilikuwa na kalenda yake. Wawili walikuwa wanajilipia ada kwa kuvua dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Kwa hiyo mwezi ukiandama tu, hatukuwaona, au tuliwaona wamelala juu ya daftari. Mbalamwezi ikikomaa, boti zinapumzika, ndipo tulipokamilika. Ratiba ya chuo ilisema Jumanne na Alhamisi. Sisi tulisoma kwa mwezi, na sidhani kama ofisi ya taaluma iliwahi kujua.

La tatu ni koneksheni. Tunalitamka neno hili kwa kununa, kana kwamba maana yake ni mjomba aliyepo wizarani pekee. Kazi nyingi za ukanda huu hazifiki gazetini. Mwenye vizimba kumi kule Sengerema hatangazi nafasi ya kazi. Anamuuliza anayemuuzia chakula cha samaki: "Hivi humjui mtu?" Na anayemuuzia chakula ni mtu niliyesoma naye. Mwingine yuko mwalo wa Kirumba, panaposhushwa samaki, mwingine ni afisa uvuvi wa halmashauri, mwingine anazalisha vifaranga vya sato. Hawa hawakunipendelea. Waliniona nikipasua samaki mikono ikitetemeka, wakaniona nikipata sapu moja, wakaniona bado nipo muhula uliofuata. Wanajua ninachoweza na nisichoweza. Barua ya maombi ya kazi, hata iwe nzuri namna gani, haisemi hayo.

Nina rafiki aliyerudi na shahada ya uzamili mwaka ule ule niliorudi mimi. Alifikia Dar es Salaam, akatuma maombi kila kona. Aliitwa kwenye usaili mara kadhaa, na kila mahali waliishia kwenye swali moja: utakaa? Waajiri wameshaumwa na watu waliokuja, wakafundishwa, umeme ukakatika wiki mbili, wakaondoka. Yeye hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa ahadi. Mtu aliyemaliza masomo hapa, akapanga chumba Mkolani, akabeba maji ngazi za mlimani maji ya bomba yalipogoma, haulizwi swali hilo. Wale mnaojua vilima vya Mwanza mnajua ngazi ninazosema.

Najua pingamizi. "Mwanangu ni daktari, arudi darasani kufanya nini?" Sikusema kila mtu akasome cheti kama mimi. Lakini hebu tazama taaluma zenyewe zinavyotaka. Aliyesoma sheria nje, akitaka uwakili Tanzania Bara, atapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo pamoja na waliosoma hapa. Daktari atakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajagusa mgonjwa, na mhitimu mpya ana mwaka wa utarajali mbele yake. Mhandisi ana bodi yake ya usajili. Taaluma hizo zimeshakubaliana nami, ila haziiti kusoma, zinaita usajili. Ninachoongeza ni kwamba msiupitie muda huo kama adhabu, mkihesabu siku. Humo ndimo mnamopatia watu wa kufanya nao kazi miaka 20 ijayo.

Na hili si jipya kwetu Kanda ya Ziwa. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama, aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 alikwenda kufundisha Pugu, akawa mtu wa darasani kwanza. Uongozi wa chama ulifuata. Karibu zaidi na hapa tulipo, Paul Bomani alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Lakini kabla hajaondoka alikuwa ameshawazungukia wakulima wa pamba wa Usukumani na kuwaunganisha. Ndiyo maana aliporudi alikuta watu wanamsubiri, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa lenye makao hapa Mwanza. Loughborough ilimpa hesabu na taratibu. Wakulima alikuwa nao tayari. Sisi tuliokulia nje hatuna wakulima wanaotusubiri, na ndiyo pengo ninalolisema tangu asubuhi. Tutawapata wapi, kama si darasani?

Kwa ndugu mnaowapokea, nina maombi mafupi. Msimwoneshe mgeni wenu Mwanza ya kwenye albamu. Jiwe la Bismarck atalipiga picha mwenyewe. Mpelekeni Kirumba alfajiri sangara wanaposhushwa, aone kilo zinavyobishaniwa na mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, yanavyofichwa kama dhahabu. Mpitisheni daraja la Kigongo hadi Busisi, lile la kilometa 3 lililofunguliwa mwaka 2025, na mumweleze foleni za kivuko zilivyokuwa, maana mama yake bado anamwambia kwa simu kwamba kwenda Sengerema ni safari ya siku nzima. Na msimtume kila ofisi pamoja na binamu wa kumsemea. Aseme mwenyewe, hata akikosea ngeli. Karani atacheka, kisha atamhudumia.

Pesa. Aliyerudi kusoma asiombwe mkopo. Nimemaliza la pesa.

Ratiba, kwa wanaotaka kuanza mwaka huu. Dirisha la udahili wa vyuo vikuu kwa kawaida hufunguliwa Julai, na vyuo vya kati vingi huchukua wanafunzi Septemba na Machi. Ulinganifu wa vyeti na mambo ya RITA yafanyike miezi kadhaa kabla, ukiwa bado huko, kwa sababu shule yako ya zamani ikitakiwa kutuma nakala, ni rahisi kuisumbua ukiwa jirani yake. Wasio raia waanze na uhamiaji kabla ya tiketi. Kuingia kwa viza ya matembezi ukitegemea kubadilisha mbele ya safari ni kujitafutia presha. Na kila mmoja aje na vyeti halisi, mkononi, si kwenye mzigo wa kupakia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakaribisha maswali, nikianza na yule mama wa mstari wa nyuma ambaye mkono uko juu tangu nilipotaja ada ya wageni. Mama, shikamoo. Karibu kipaza sauti.